Mtakatifu wa Vichochoroni

Mrehani unaouzwa Lisbon mwezi wa Juni haunuswi kwa pua. Ni kichaka kidogo cha majani membamba yaliyobanana, kimepandwa katika chungu kinachoenea kiganjani, na muuzaji akikuona unainama atakuzuia kabla pua haijafika. Unaupapasa kwa juu, kisha unanusa mkono wako. Wenyewe wanaamini kwamba pumzi ya mtu huunyausha. Anayetoka pwani yetu, aliyezoea rehani katika kikuba na katika nywele za bibi harusi, hataona ugeni katika harufu ile. Kitakachomshangaza ni kile kilichochomekwa katikati ya majani: ua la karatasi, na kando yake kibendera kidogo chenye ubeti wa mistari minne. Baadhi ya beti ni za mapenzi, nyingine ni za utani mtupu, na nyingi zinamsemesha mtakatifu mmoja wa karne ya 13 kama mtu anavyomsemesha jirani aliyekopa sufuria na hajairudisha. Zamani kijana alimpelekea mchumba wake mrehani huo, na binti alitarajiwa kuutunza mpaka Juni nyingine ifike.

Mtakatifu huyo ni Antoni. Wakatoliki wa Songea, wa Bukoba au wa Bukavu wanamjua kama Antoni wa Padua, mtafutaji wa vitu vilivyopotea. Ukimtaja kwa jina hilo Lisbon, tarajia kusahihishwa papo hapo. Alizaliwa hapa mnamo mwaka 1195, hatua chache kutoka lilipo Kanisa Kuu, akapewa jina la Fernando. Alianza utawa katika monasteri ya São Vicente de Fora iliyo juu ya kilima cha Alfama, kisha akahamia Coimbra. Mwaka 1220 ililetwa Coimbra miili ya watawa watano Wafransisko waliouawa Morocco, na kijana yule akaguswa hadi akaacha shirika lake, akajiunga na Wafransisko, akajiita António, akaabiri kwenda Morocco naye. Ugonjwa ulimrudisha, na upepo ukaisukuma merikebu yake hadi Sicily. Maisha yake yaliyobaki yakawa ya kuhubiri Italia na kusini mwa Ufaransa. Alifariki karibu na Padua tarehe 13 Juni 1231, na Kanisa likamtangaza mtakatifu tarehe 30 Mei 1232, hata mwaka haujatimia.

Kwa hiyo Padua ina kaburi. Lisbon ina utoto wake, na watu wake wanashikilia kwamba utoto una haki kubwa zaidi. Wanasimulia jinsi alivyoonekana mahali pawili kwa wakati mmoja, akihubiri Italia huku yuko Lisbon akimwokoa baba yake aliyesingiziwa mauaji. Hadithi hiyo haina mashiko ya kihistoria, lakini inaeleza jambo la kweli kuhusu jiji hili: halijakubali kwamba mtoto wake alihama.

Ajabu ni kwamba msimamizi rasmi wa Lisbon siye yeye. Ni Mtakatifu Vinsenti, ambaye masalia yake yaliletwa kwa merikebu mwaka 1173, na simulizi zinasema kunguru walikuwa wakiyalinda njia nzima. Nembo ya jiji hadi leo ina merikebu na kunguru wawili. Sikukuu ya Vinsenti huangukia tarehe 22 Januari, na siku hiyo maduka hufunguliwa kama kawaida. Siku ya mapumziko ya jiji ni 13 Juni, siku ya Antoni. Wakubwa walikuwa na mtakatifu wao, wenye mitaa wakachagua wa kwao, na kalenda ya jiji ikawafuata wenye mitaa. Yeyote anayetaka kuelewa sherehe za Lisbon aanzie hapo, kwa sababu mvutano huo kati ya ofisi na uchochoro unajirudia katika kila jambo nitakalolieleza.

Antoni wa vichochoroni ana kazi nyingi. Anatafuta funguo zilizopotea. Anatafutia watu wachumba, na asipofanya haraka anaadhibiwa: wasichana wa zamani walikuwa wakiigeuza sanamu yake itazame ukuta, au kuitumbukiza kisimani kichwa chini, mpaka mwanamume apatikane. Mbele ya kanisa lake kuna sanamu yake iliyoshika kitabu, na wanaotafuta ndoa hurusha sarafu wakilenga itue juu ya kitabu hicho. Usiku wa mkesha wake vijana walikuwa wakiruka moto barabarani, na msichana akiunguza ua la mbaruti pori lenye miiba, kisha akilitazama asubuhi: likichanua tena, anayempenda ni mkweli.

Dola nayo ilimtumia. Katika karne ya 17 Wareno walimwandikisha jeshini, katika kikosi cha Lagos kusini mwa nchi, na karatasi za kikosi zikampandisha cheo hadi kapteni. Jina lake likabandikwa kwenye merikebu za vita, na moja kati ya hizo iko kwetu. Santo António de Tanna, iliyoundwa Bassein huko India mwaka 1681, ilizama mbele ya Fort Jesus mjini Mombasa mwaka 1697, ilipotumwa kuinusuru ngome iliyokuwa imezingirwa na Waomani. Wataalamu wa akiolojia walianza kuichunguza chini ya maji mwaka 1977, na vitu walivyovitoa viko katika makumbusho ya ngome hiyo. Mtoto wa shule wa Mombasa anayepelekwa kuvitazama anatazama upande mmoja wa mtakatifu huyu, ule wa mizinga na biashara. Upande wa pili hauwezi kuonekana Mombasa. Uko kwenye ngazi za mawe za Alfama, jioni ya tarehe 12 Juni, wakati moshi unapoanza kupanda.

Mkaa huwashwa mapema. Mtu mwenye mlango unaotazama uchochoro hutoa jiko lake nje, akaweka meza, akatundika shada za karatasi za rangi kutoka dirisha lake hadi dirisha la jirani wa ng'ambo, akaandika bei kwenye kipande cha boksi. Wanachochoma ni sadini, samaki wa ukoo mmoja na dagaa papa wetu ila wamenenepa zaidi, wakiwa wazima na utumbo wao, wamenyunyiziwa chumvi ya mawe. Juni ndipo mafuta yanapoanza kuwajaa, na msemo wa Wareno unasema kwamba ikifika Mtakatifu Yohane, tarehe 24, sadini hudondosha mafuta kwenye mkate. Hilo si tamathali ya semi. Samaki huwekwa juu ya kipande kinene cha mkate, unamla kwa vidole ukianzia mgongoni, na kila samaki anayefuata huwekwa juu ya mkate uleule. Mwisho unabaki na mkate uliolowa mafuta, chumvi na majivu, nao ndio wanaougombania wajuzi. Pembeni kuna bakuli la supu ya viazi iliyotiwa majani ya jamii ya sukuma wiki, yamekatwa membamba kama uzi, na kipande cha soseji kimoja. Kuna bia na mvinyo mwekundu uliochanganywa na matunda. Kuna spika zilizowekwa dirishani zinazopiga nyimbo za mafumbo ya chumbani, ambazo bibi wa miaka themanini anaziimba neno kwa neno mbele ya wajukuu wake bila kupepesa jicho.

Hao samaki nao nusura wakose. Katikati ya miaka ya 2010 sadini wa pwani ya Ureno na Hispania walipungua kiasi cha kuwashtua wanasayansi, wengine wakashauri wasivuliwe kabisa. Serikali za nchi hizo mbili ziliweka ukomo wa tani na miezi ya kufunga bahari, wavuvi wakalalamika kwa haki, na taratibu samaki wakaongezeka tena. Kwa miaka ile kadhaa, sehemu ya sadini walioliwa usiku wa Antoni walitoka kwenye majokofu au ng'ambo ya mpaka. Watu walijua, na walikula. Sikukuu ya kweli huvumilia upungufu wa kitoweo; kisichovumilika nitakifikia baadaye.

Kwanza kanisa. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa wamejaa makanisani, ardhi ya Lisbon ilitetemeka. Wimbi la bahari likaingia kwa mto Tejo, kisha moto, uliolishwa na mishumaa iliyoanguka na majiko yaliyopinduka, ukateketeza katikati ya mji kwa siku kadhaa. Alfama, kwa sababu imekaa juu ya mwamba, ilinusurika kwa sehemu kubwa, ndiyo maana vichochoro vyake bado vimepinda kama vilivyopindwa na Waislamu walioishi humo kabla ya mwaka 1147. Lakini kanisa la Antoni lilianguka, kikabaki chumba cha chini, mahali panapoaminiwa kuwa ndipo alipozaliwa. Ujenzi mpya ulianza mwaka 1767.

Mapokeo ya jiji yanasema watoto ndio waliosaidia kuchanga. Walitengeneza altare ndogo milangoni mwao, ngazi tatu au nne za boksi zilizofunikwa kitambaa cheupe, juu yake wakamweka Antoni wa udongo, maua na mishumaa, na kila mpita njia wakamwomba sarafu kwa ajili ya mtakatifu. Kanisa lilikamilika, watoto hawakuacha. Altare hizo, ambazo huitwa viti vya enzi, zimeendelea hadi leo. Jumba la makumbusho la jiji huwahimiza watu wazitengeneze, na mwanzoni mwa Juni utaziona kwenye vizingiti, madirisha ya maduka ya viatu, saluni na stoo za vifaa vya umeme. Ofisi imeingia, ni kweli, lakini boksi bado linatafutwa na mtoto na kitambaa bado kinatoka kabatini mwa mama.

Tarehe 13 yenyewe huanza kwa misa na mikate. Ni vimikate vidogo vilivyobarikiwa, vinavyogawiwa kanisani, na mtu mwenye imani hukihifadhi kimoja nyumbani mwaka mzima ili chakula kisikosekane. Alasiri maandamano hutoka. Sanamu ya Antoni hubebwa mabegani ikazungushwa Alfama, na inapopita mbele ya makanisa mengine ya mtaa huo, watakatifu wa huko nao hutolewa na kujiunga nyuma yake. Waliokesha wakicheza hadi alfajiri husimama madirishani, nywele timtim, wakirusha majani ya maua. Sijaona ibada na ulevi vikiishi pamoja kwa heshima namna hii.

Na sasa gwaride.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, mitaa ya Lisbon hushuka Avenida da Liberdade, barabara pana kuliko zote za katikati ya jiji, kila mmoja na nguo zake, nyimbo zake na bendi yake ndogo ya matarumbeta. Wanaume na wanawake hutembea wawili wawili wakibeba matao yaliyopambwa kwa taa, karatasi na vitu vinavyoueleza mtaa wao: Alfama na nyavu zake, Bica na gari lake la reli linalopanda mlima, Mouraria na gitaa za fado. Wanaimba, wanazunguka, matao yanapishana kwa kasi inayokufanya ushike moyo, kisha wanasonga mbele kuwapisha wengine. Watoto wa A Voz do Operário, jumuiya iliyoanzishwa na wafanyakazi wa viwanda vya tumbaku mwaka 1883, nao wana gwaride lao lisiloshindanishwa. Wakubwa wanashindana, na wanashindana kweli. Majaji hupima uchezaji, mavazi, mapambo, maneno ya wimbo na muziki, kwanza ndani ya ukumbi mkubwa siku chache kabla, kisha barabarani. Anayejua wiki ya mechi ya Simba na Yanga inavyokuwa Kariakoo hahitaji maelezo zaidi.

Mitaa mingine inabeba historia nzito kuliko mapambo yake. Madragoa ya leo ndiyo Mocambo ya zamani, mtaa waliokaa Waafrika wengi, watumwa na walioachwa huru, enzi ambazo katika jiji la watu wapatao 100,000, katikati ya karne ya 16, karibu mmoja katika kila kumi alikuwa mtumwa. Waafrika hao walikuwa na chama chao cha kidini cha Bikira wa Rozari katika kanisa la São Domingos, walichanga fedha za kuwakomboa wenzao, na walikuwa na sikukuu zao za ngoma. Nyimbo za gwaride la Madragoa huwasifu zaidi wavuvi na wauza samaki waliokuja baadaye. Ningependa siku moja matao yake yawabebe na wale wa kwanza.

Mtu anapoliona gwaride hili kwa mara ya kwanza hudhani limetoka enzi za kale. Lina umri wa bibi. Lilianza mwaka 1932, na halikuanzia mtaani. Parque Mayer, uwanja wa kumbi za maonyesho pembeni mwa Avenida, ulihitaji kitu cha kuvuta watu, na José Leitão de Barros, mwongozaji wa filamu aliyekuwa pia mwanahabari, akabuni mashindano ya mitaa. Mitaa michache tu ilishiriki. Mwaka huohuo António de Oliveira Salazar akawa waziri mkuu, na haikuchukua muda kabla watawala hawajagundua kwamba gwaride lile linawafaa sana. Liliwaonyesha maskini wa Lisbon wakiwa wamevaa vizuri, wakiimba, wakiupenda umaskini wao. Manispaa ikalichukua mwaka 1934. Nyumba za Alfama hazikuwa na mabomba ya maji wala vyoo, lakini mara moja kwa mwaka wakazi wake walitakiwa kuwa picha nzuri.

Kwa sababu hiyo wapo wasomi wanaoiita mila hii ya kutengenezwa, na kwa tarehe wako sahihi. Mimi naona wanaishia nusu ya njia. Mwenye wazo mwaka 1932 alikuwa mwongozaji wa filamu, aliyelitumia alikuwa dikteta, lakini aliyeshona gauni alikuwa mama wa ghorofa ya pili, na aliyemfundisha binti yake kubeba tao bila kulitikisa alikuwa mama huyohuyo. Tarehe 25 Aprili 1974 askari waliiangusha serikali ile ya kidikteta, raia wakawachomekea maua mekundu kwenye mitutu ya bunduki, na gwaride likanyamaza kwa miaka kadhaa, likitazamwa kama mabaki ya utawala ulioondoka. Katika miaka ya 1980 likarudi. Salazar alikuwa amekwisha kufa, hakuna aliyeamrishwa kuimba, na mitaa ikashuka tena barabarani. Ushahidi mkubwa kuliko huo wa kwamba jambo limekuwa la watu siujui.

Harusi za Antoni zilipita njia ileile. Mwaka 1958 gazeti la Diário Popular lilianza kuwaozesha kwa pamoja, siku ya mtakatifu, wachumba wasio na uwezo wa kugharimia harusi: nguo, pete, karamu, vyombo vya kuanzia maisha vilitoka kwa wafadhili waliotaka kutangazwa. Mapinduzi ya 1974 yakazisimamisha. Mwaka 1997 manispaa ikazifufua, na sasa jozi 16 za wachumba huchaguliwa kila mwaka miongoni mwa waombaji, wengine wakifunga ndoa Kanisa Kuu na wengine kwa sheria ya kiraia katika jumba la jiji. Jioni maharusi hao hupita Avenida pamoja na mitaa. Kuna watu huona haya kuolewa mbele ya kamera za televisheni, nawaelewa. Lakini tazama nyuso za akina mama wa maharusi siku ile, utaelewa pia kwa nini maombi hayakauki.

Mwaka wa Lisbon hauishii Juni, ingawa misimu mingine ina sauti ndogo. Mwanzoni mwa Mei huko Mouraria hupita maandamano ya Bikira wa Afya, yanayorudi nyuma hadi mwaka 1570, baada ya tauni kuliangamiza jiji. Leo yanapita katika mtaa wa maduka ya Wabangladeshi, Wahindi, Wanepali na Wachina, na wenye maduka hutoka milangoni kuwatazama majirani wao. Siku ya Kupaa Bwana, Alhamisi, wanawake husimama kwenye milango ya vituo vya treni za chini ya ardhi wakiuza vishada vya mashambani: suke la ngano kwa ajili ya mkate, tawi la mzeituni kwa ajili ya amani, ua jekundu la porini kwa ajili ya mapenzi, ua la njano kwa ajili ya fedha, rozmari kwa ajili ya afya, na kipande cha mzabibu. Kishada hutundikwa nyuma ya mlango wa nyumba na hakiguswi hadi mwaka ujao, kinapobadilishwa na kingine. Wanunuzi wengi ni wafanyakazi wa ofisini, vitambulisho vya kazi vikining'inia shingoni, ambao hawajawahi kuvuna chochote maishani mwao. Wananunua hivyohivyo.

Tarehe 1 Novemba watoto walikuwa wakibisha hodi wakiomba mkate kwa jina la Mungu, desturi ya tangu kale ambayo Lisbon iliikumbatia kwa uchungu zaidi baada ya tetemeko lile, walionusurika walipolazimika kuomba chakula milango iliyobaki. Siku hizi vinyago vya maboga kutoka Marekani vimeifunika karibu kabisa, na hilo linanisikitisha, maana mtoto aliyekuwa akiomba mkate alikuwa akijifunza jina la kila mtu wa ngazi yake. Siku kumi baadaye, tarehe 11, ni ya Mtakatifu Martino, na hapo jiji hunukia kastania: njugu kubwa za ganda la kahawia, zilizochanjwa na kuchomwa kwa chumvi kwenye mikokoteni yenye majiko, moshi mweupe ukitambaa juu ya reli za tramu. Huliwa pamoja na mvinyo mpya. Mara nyingi siku hizo jua hurudi kwa muda mfupi kabla ya baridi, na Wareno humshukuru Martino, aliyekata joho lake akampa ombaomba nusu.

Rudi sasa kwenye kile kisichovumilika.

Sherehe zote hizi zinategemea kitu kimoja ambacho hakiandikwi kwenye mabango ya manispaa: watu wanaolala hapo. Shada la karatasi linahitaji madirisha mawili yanayotazamana, na nyuma ya kila dirisha mtu anayemjua mwenzake vya kutosha kumrushia kamba. Kwa miaka mingi Alfama, Mouraria na Bica zilikuwa na wakazi wazee waliolipa kodi ndogo chini ya mikataba ya zamani, katika nyumba mbovu lakini zao. Mwaka 2012, Ureno ikiwa katika mgogoro wa madeni na wakopeshaji wake wakidai mageuzi, sheria mpya ilirahisisha kupandisha kodi na kuvunja mikataba hiyo. Wakati uleule watalii wakamiminika. Nyumba baada ya nyumba ikawa ya kulaza wageni wa siku tatu. Mwishoni mwa mwaka 2018 manispaa ilisimamisha vibali vipya vya nyumba za wageni katika mitaa ya kihistoria, Alfama na Mouraria zikiwamo, lakini wengi waliokuwa wa kuondoka walikuwa wamekwisha kuondoka.

Wamekwenda wapi? Ng'ambo ya Tejo, Almada na Barreiro. Au kaskazini, kwenye maghorofa ya Amadora na Loures. Na hapa ndipo jambo hili linaponigusa zaidi. Mazoezi ya gwaride hufanyika miezi kadhaa kabla, usiku, katika vyama vya mtaa: kumbi ndogo zenye meza ya mchezo wa mpira, kabati la vikombe na baa ya bia za bei rahisi. Waliohama wanarudi. Mtu aliyemaliza zamu ya usafi wa ofisi au ya udereva wa basi anapanda kivuko au treni, anavuka kurudi katika mtaa ambao hana tena ufunguo wa nyumba yoyote, anafanya mazoezi ya kubeba tao hadi karibu saa sita, kisha anaondoka. Anafanya hivyo Machi, Aprili, Mei. Halipwi. Ukimtazama Avenida tarehe 12 Juni, amevaa nguo ya mvuvi wa Alfama, huwezi kumtofautisha na anayeishi huko, kwa sababu kwa yale yanayohusu gwaride hawatofautiani.

Mwaka 2020 na 2021 korona ililizuia gwaride, na wengi walihofu kwamba nyuzi zilizokuwa zimebaki zingekatika. Mwaka 2022 lilirudi. Vyama vilipata waimbaji, vikapata washonaji. Nadhani ni kosa kufarijika upesi, ingawa. Mtu aliyehama anaweza kurudi kucheza kwa sababu anaukumbuka mtaa. Mwanawe aliyezaliwa Amadora ataukumbuka kwa kusimuliwa. Mjukuu atakuwa na mtaa mwingine wa kuupenda. Manispaa inagharimia taa, majukwaa na ruzuku za mavazi, na inafanya vizuri. Ruzuku ambayo mila hii inaihitaji kuliko zote ni ya kodi ya nyumba, na ikitolewa kwa familia zilizo tayari kurudi, gharama yake ingeonekana kwenye madirisha ya Alfama mwaka mzima, si Juni peke yake. Lisbon iliwahi kuyajenga upya makanisa yake kutoka kwenye majivu. Kumrudishia muuza samaki chumba chake hakuwezi kuwa kazi kubwa kuliko hiyo.

Matokeo yanapotangazwa, mtaa ulioshinda hulipuka kwa nyimbo na mingine huanza kuhesabu alama. Kwa nini mavazi yetu yamepewa pungufu? Nani kati ya majaji ana shangazi Alfama? Ubishi huo huchukua wiki nzima mbele ya vyama, kwa sauti za watu waliopoteza sauti zao barabarani, mpaka mmoja atazame saa na kusema wakimbie, kivuko cha mwisho cha Cacilhas, ng'ambo ya Tejo, kinakaribia kuondoka.